Mbwa Kiziwi na Orodha ya Kasoro

Najua nimepotea. Niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya kuhifadhi nakala za hifadhidata, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza iko wapi. Itakuja. Leo naomba mniruhusu niandike juu ya mbwa. Ndiyo, mbwa. Msikimbie, kwa maana alichonifundisha mnyama huyu kinatuhusu sana sisi tunaoandika programu na kuwapa watu wengine wazitumie.

Maoni yangu nayatoa mapema ili asiye na wakati aondoke nayo: mbwa mwenye ulemavu hawashindi watu kwa sababu ya ulemavu wake. Kinachowashinda ni ulemavu waliofichwa. Anayemtoa mbwa kama huyo ana wajibu wa kueleza kila kasoro anayoijua, na anayempokea ana wajibu huo huo kwa kila mtu atakayeishi karibu naye. Nusu ya kwanza ya sheria hii niliikubali tangu mwanzo. Nusu ya pili niliivunja mwenyewe, na mtu mwingine akaumia.

KARATASI

Mwaka 2023 nilihama mjini nikapanga nyumba ndogo Ongata Rongai, kwenye ploti yenye nyumba nne na uwanja mkubwa wa nyasi upande wa nyuma. Siku tatu kwa wiki nafanyia kazi nyumbani. Kule kijijini nilikulia na mbwa, wale wa kulala nje na kubweka usiku kucha, nikaona wakati umefika wa kuwa na wangu. Sikutaka kununua. Nikaenda kwenye kituo kimoja cha kuokoa wanyama, viungani mwa Nairobi.

Dada aliyenipokea hakunionyesha mbwa kwanza. Aliniuliza maswali. Naishi wapi? Nyumba ni yangu au ya kupanga? Kuna ua? Niko nyumbani saa ngapi kwa siku? Nikisafiri, nani anabaki? Nilihisi kama nahojiwa kazi. Nilipomaliza kujibu akasema yuko mbwa mmoja ambaye huenda tukafaana, lakini kabla ya kumwona nisome hii. Akanipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono:

1. Hasikii kabisa, masikio yote mawili.
2. Akiguswa akiwa amelala hushtuka na anaweza kung'ata.
3. Huwaswaga watoto wanaokimbia. Huuma visigino.
4. Haogopi magari. Asiachwe barabarani bila kamba hata dakika moja.
5. Asipochoshwa kwa mazoezi hutafuna viatu, ndoo, mpira wa maji.
6. Amepita nyumba tatu.

Wadau, nimesoma maelezo ya programu mamia kwa mamia, za bure na za kulipia. Sijawahi kuona orodha ya kasoro iliyo wazi kama ile. Hakuna neno la kunibembeleza. Hakuna "ana upendo mwingi" wala "anahitaji tu mtu wa kumwelewa". Kasoro sita, nukta.

Kisha nikapelekwa kumwona. Mgongo wa kijivu kinachoelekea buluu, wenye madoadoa, kichwa karibu chote cheupe, masikio yamesimama wima kama antena. Antena zisizopokea chochote! Alikuwa amelala. Yule dada alikanyaga sakafu ya mbao kwa nguvu, naye akainua kichwa, akatutazama.

Nilimwita Pingi. Wanaoshinda kwenye mitandao ya tarakilishi wataelewa: ni ile amri unayotuma kuuliza mashine ya mbali kama ipo, kisha unangoja jibu. Jina lenyewe ni letu sisi watu. Yeye hajawahi kulisikia, na hatalisikia.

NI MBWA WA AINA GANI

Pingi ni mbwa wa kuswaga ng'ombe wa Australia. Mama yake aliletwa nchini na familia iliyokuwa ikifanya kazi huku. Familia ilipohama, watoto wake wakagawanywa.

Aina hii ina historia ya kazi ngumu. Katika miaka ya 1840 mfugaji mmoja wa New South Wales, Thomas Hall, alizalisha mbwa wa wachungaji kutoka Northumberland, Uingereza, na dingo, mbwa mwitu wa Australia. Alihitaji mnyama wa kuswaga ng'ombe waliokuwa nusu porini, safari ya mamia ya kilomita kwa miguu hadi sokoni, kwenye joto na vumbi. Mbwa aliyetokea anafanya kazi kwa kunyemelea nyuma ya ng'ombe, kuuma kisigino, kisha kulala chini haraka kabla ya teke. Ndiyo maana Pingi huuma visigino. Hiyo si kasoro, ni kazi aliyoandikiwa kwenye damu. Kasoro ni kumweka kwenye nyumba ya ghorofani asubuhi hadi jioni na kutarajia atulie kama mto wa kochi.

Wengi wenu mmewajua mbwa hawa kupitia Bluey, kile kibonzo cha Australia kilichoanza mwaka 2018, ambacho watoto wa dada yangu hukiangalia mpaka nakosa usingizi. Yuko pia Bluey mwingine, mbwa wa kweli wa jimbo la Victoria, aliyekufa mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka 29 na miezi mitano. Huyo ni wa ajabu, wengi huishi miaka 12 hadi 15 hivi. Lakini tia hesabu hiyo akilini. Ukimchukua mbwa wa aina hii unatia sahihi mkataba mrefu kuliko mikopo mingi ya gari.

KWA NINI HASIKII

Watu huniuliza kama alipigwa au aliugua. Hapana. Watoto wa aina hii huzaliwa weupe, na rangi hujitokeza wiki zinazofuata. Jeni zinazoleta weupe huo huzuia chembe zinazotengeneza rangi zisifike sehemu fulani za mwili. Sasa, chembe hizo hazipo kwa urembo tu. Ndani kabisa ya sikio zinahitajika kwenye utando unaolisha sehemu ya kusikia. Zikikosekana, utando unadhoofika, na kufikia wiki ya tatu au ya nne vinyweleo vinavyopokea sauti hufa. Havioti tena, na hakuna dawa.

Mfereji wa sikio la mbwa hufunguka takriban wiki mbili baada ya kuzaliwa. Piga hesabu. Huenda Pingi alisikia dunia siku chache tu, kisha kimya.

Si jambo la nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima mbwa 899 wa aina hii huko Australia. Asilimia 7.5 walikuwa hawasikii kwa sikio moja, na asilimia 3.3 kwa yote mawili. Jumla asilimia 10.8. Waliokuwa na mabaka ya rangi pande zote mbili za uso walikuwa kwenye hatari ndogo zaidi. Kipimo chenyewe kipo: mbwa huvalishwa vihisio kichwani, husikilizishwa milio midogo, na mashine husoma kama ubongo umejibu. Bila kipimo hicho, asiyesikia kwa sikio moja anaweza kuishi maisha yake yote bila mtu kugundua, akazaa na kurithisha.

Mwenye kuzalisha mbwa hawa kwa biashara anapaswa kuyajua haya kabla ya kupokea hela ya mtu. Sitaki kusikia "hata mimi sikujua".

NYUMBA TATU

Hebu tuangalie zile nyumba tatu, kwa maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Familia ya kwanza ilipoondoka ilimpa Pingi rafiki, ikimsifia kwamba ni "mbwa mtulivu, hababaishwi na kelele". Kweli tupu! Hababaishwi na kelele. Rafiki yule akawa anamwita, mbwa haji. Anamkataza, mbwa haachi. Akaamua ni mkaidi, na dawa ya mkaidi tunaijua sote, ni kiboko. Mbwa asiyesikia anapigwa na hajui kwa nini. Anachojifunza ni kwamba mikono hutokea ghafla na kuumiza. Alipochoka naye akampa mtu wa tatu, akisema ni mbwa mzuri wa ulinzi. Huyo alidumu naye wiki tatu, akamfikisha kituoni.

Kituoni waligundua wakati wa chakula. Sufuria ikigongwa mbwa wote wanaruka, huyu mmoja amelala fofofo.

Nyumba zote hizo, hakuna aliyeshindwa na uziwi. Walishindwa na mbwa "mkaidi", mbwa "mkali", mbwa "mjinga", ambaye hakuwahi kuwepo. Walikuwa wanatengeneza tatizo ambalo silo. Nani kati yetu hajawahi kukesha akirekebisha msimbo, kumbe hitilafu iko kwenye waya? Ujumbe ulitumwa, haukujibiwa, tukamlaumu mpokeaji. Hatukuangalia njia.

Nami nikachukua hatua ya kukagua njia. Ishara saba za mkono: njoo, kaa, lala, acha, ngoja, vizuri, na tunaondoka. Kila ishara ileile, mkono uleule, kila siku. Mbwa wa kuswaga mifugo ana desturi ya kumtazama mtu wake, na mbwa asiyesikia hutazama maradufu. Ndani ya miezi miwili alikuwa ananisoma kuliko ninavyojisoma. Nikifunga kipakatalishi tayari amesimama mlangoni.

Kuhusu kushtuka usingizini, dawa ni subira. Unamgusa bega taratibu akiwa macho, unampa kipande cha nyama. Mara mia. Kisha akiwa anasinzia. Mara mia nyingine. Ubongo unajifunza kwamba mguso wa bega maana yake ni kitu kizuri kinakuja.

Sasa kucheka kidogo. Mimi ni mtu wa programu, kwa hivyo nilijiambia lazima kuwe na kifaa. Nikanunua bodi ndogo ya ESP32, mota ya kutetemesha kama ile iliyo ndani ya rununu, na betri. Nikavishona kwenye ukanda wa shingoni, nikaandika programu: ukibonyeza kitufe kwenye simu, ukanda unatetemeka, Pingi anageuka kukutazama. Jumapili mbili nzima! Mezani ilifanya kazi vizuri mno. Uwanjani mawimbi yakawa yanakatika karibu na tangi, betri haifiki jioni, na mvua ya kwanza iliponyesha Pingi akajigaragaza kwenye tope na mradi ukafia hapo. Nikaenda dukani nikanunua tochi ya shilingi 350. Namulika ardhini mbele yake mara mbili, anageuka. Inafanya kazi mpaka leo.

Iweke akilini tochi hiyo, tutairudia.

KOSA LANGU

Mama mwenye ploti alikuwa amekubali mpangaji kuwa na mbwa mmoja, "wa kutusaidia ulinzi". Nami nilikuwa na karatasi yenye kasoro sita mfukoni. Nilimwonyesha? Sikumwonyesha. Niliogopa. Mbwa wa ulinzi asiyesikia mwizi ni mbwa gani? Nilijua atasema hapana, nikajiambia nitamweleza baadaye, mbwa akishazoea.

Tuna soja wa usiku, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache na heshima. Siku moja akaniambia, "Kijana, huyu mbwa wako ana madharau. Namwita, anatazama kule."

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Badala yake nikacheka, nikamjibu, "Mzee wangu, huyo ni mbwa wa kizungu. Haelewi Kiswahili."

Akacheka pia. Ikaisha hivyo.

Wiki chache baadaye stima ikapotea usiku. Pingi alikuwa amelala kwenye kibaraza cha nyuma, mimi niko ndani natafuta mshumaa. Mzee alikuja kuniarifu kwamba bomba la nje limeachwa wazi na maji yanamwagika. Akamkuta mbwa kalala njiani. Akamwita. Akamwita tena. Kisha akainama kumsogeza kwa mkono.

Nilisikia mlio wa mzee, kisha wa mbwa. Nilipotoka mzee ameshika kiganja, damu inachuruzika. Pingi alikuwa amejibana kwenye kona anatetemeka mwili mzima.

Nilijua la kufanya, na wewe ulijue pia: jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, usiku uleule. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake. Kadi ya chanjo ya Pingi ilikuwa sawa, lakini daktari hakucheza, mzee akaanzishiwa sindano, na mbwa akaamriwa afungiwe na kuchunguzwa kwa siku kumi. Gharama zote nililipa, na ilikuwa haki nilipe.

Tulipokuwa tumeketi kwenye benchi la hospitali nikamweleza mzee ukweli. Kwamba mbwa hasikii, na kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Alinyamaza kidogo. Hakupandisha sauti.

"Kumbe hasikii," akasema. "Mbona hukuniambia? Mimi ninayo tochi. Ningemmulika."

Wadau, nimewahi kukosolewa kazini mbele ya watu. Nimewahi kufuta data ya wateja kwa bahati mbaya. Hakuna lililoniuma kama sentensi hiyo. Mzee alikuwa na kifaa kilekile nilichotumia kila siku. Kilikuwa mkononi mwake kila usiku, kimewashwa. Alichokosa ni habari, na habari nilikuwa nimeikalia mimi.

SIKU KUMI

Kesho yake mama mwenye ploti alinisimamisha langoni. "Siku kumi zikiisha, huyo mbwa aondoke. Ama muondoke pamoja."

Jirani mmoja akanishauri nimdunge sindano ya mwisho, tuyamalize. Akasema mbwa kiziwi lazima awe mkali. Hilo la mwisho si kweli. Utafiti wa mwaka 2014 uliowauliza wenye mbwa haukuwakuta mbwa wasiosikia au wasioona kuwa wakali kuliko wengine. Lakini mzee mwenye bandeji mkononi hatulizwi na utafiti.

Nilifikiria pia kumrudisha kituoni. Ingekuwa nyumba ya nne. Usiku wa tatu nikaitoa ile karatasi, nikaisoma tena. Nambari 2: akiguswa akiwa amelala hushtuka na anaweza kung'ata. Kituo kilinipa mbwa pamoja na maelezo yake. Mimi niliwapa majirani mbwa bila maelezo. Nilifanya kilekile alichofanya yule wa "mbwa mtulivu", na tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na karatasi.

Nikaiandika upya kwa Kiswahili chepesi, nikatoa nakala, nikagonga kila mlango. Kwa mama mwenye ploti nilienda mwisho.

Aliisoma yote akiwa amesimama. "Hii karatasi ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Mama."

"Sasa mimi niliingiza mnyama kwenye boma langu bila kujua ni mnyama gani. Mbwa sina neno naye. Nina neno na wewe."

Sikuwa na jibu. Nikaomba msamaha, nikamwuliza angetaka nini ili abadili mawazo. Akahesabu vidoleni. Seng'enge kuzunguka sehemu ya mbwa, kwa gharama yangu. Kibao langoni. Mbwa asionekane nje bila kamba. Mzee akubali kwa hiari yake, asilazimishwe. Na likitokea la pili, hakuna mazungumzo.

Mzee alikubali kwa sharti moja: afundishwe zile ishara.

Siku ya kumi Pingi alikuwa mzima. Siku ya kumi na moja fundi akaleta seng'enge.

KABLA HUJAMCHUKUA

Nayasema haya kwa sababu baadhi yenu mtamwona mbwa wa aina hii mahali, kichwa cheupe, macho yanakufuata, na moyo utayeyuka. Huruma ni mwanzo mzuri ila haishibishi mbwa wala haimtembezi. Kwa hivyo:

Hesabu saa kabla ya kuhesabu mapenzi. Pingi anahitaji saa moja na nusu ya kukimbizwa na kushughulishwa kila siku, mvua au jua, hata siku ile seva imeanguka na bosi anapiga simu. Kama huna, huna. Kusema huna si dhambi.

Hesabu hela. Chakula, chanjo ya kila mwaka, dawa ya minyoo na kupe. Kwangu ni kama shilingi elfu sita kwa mwezi, na huo ni mwezi usio na daktari.

Hesabu ua. Mbwa asiyesikia hasikii gari, bodaboda wala jina lake. Lango likiachwa wazi mara moja, inatosha.

Omba karatasi. Kama anayekupa mbwa hana orodha ya kasoro, mwambie aiandike mbele yako. Akikataa, nenda zako.

Kisha isambaze karatasi hiyo. Mwenye nyumba, majirani, soja, mama anayekufulia, watoto wa ploti. Kabla ya mbwa kuingia, si baada ya damu.

Najua kuna msomaji atauliza, nchi ina watoto wanaolala njaa, wewe unaandika juu ya mbwa? Ni swali la haki. Sikusema kila mtu achukue mbwa. Nimesema anayechukua asiwabebeshe wengine mzigo aliowaficha. Mzee wetu ni mtu, ana familia, na mkono wake ndio unaowalisha. Alilipia ukimya wangu.

Na sisi tunaoandika programu? Tunazijua kasoro zetu. Tunajua kitufe kipi kinakwama, ripoti ipi inakosea hesabu mwisho wa mwezi. Tunanyamaza kwa sababu mteja hajauliza, kwa sababu tunaogopa atasema hapana, tukijiambia tutamweleza akishazoea. Kumbe mara nyingi mteja anayo tochi yake mkononi. Angejua, angejipangia njia ya kuzunguka. Wiki iliyopita, kabla ya kukabidhi mfumo mmoja wa malipo, nilikaa nikaandika kasoro kumi na moja ninazozijua, nikazituma. Mteja alikasirika nusu siku. Kisha akanipigia simu akasema nne hazimsumbui, tatu anaweza kuzikwepa, zilizobaki nizitengeneze kwanza. Tukaelewana.

Usiku huu naandika nikiwa dirishani. Mzee ameingia zamu. Amefika kwenye seng'enge, amemulika nyasi mara mbili, Pingi kainuka na kugeuka. Mzee anampa ishara ya kaa, kwa ule mkono wenye kovu. Pingi amekaa. Siku hizi anamwita "afande".

Hifadhidata ni wiki ijayo, naahidi. Na mwenye mbwa asiyesikia au asiyeona, niandikie unavyoelewana naye. Nina ishara saba tu, na nimeanza kuona hazitoshi.